Pweza Aliyekaa Eda

Jumapili iliyopita tulifungua mwamba wetu, tuliokuwa tumeufunga kwa miezi pweza asivuliwe. Tangu jioni ile simu yangu haijanyamaza. Binamu zangu walio Unguja, shoga yangu aliyeolewa Mombasa, hata kaka yangu aliye Maskati, wote wananiuliza swali moja: mmepata kilo ngapi? Kilo ninazo. Nimeziandika mwenyewe kwenye daftari la kamati, maana mizani ya diko letu, pale vyombo vinaposhusha samaki, naishika mimi. Lakini leo sitaki kuanza na kilo. Nataka kuanza na jiwe.

Jiwe lenyewe ni bapa, upana wake kama sinia la kulia watu wanne, na limelala upande wa mwamba unaotazama mkondo, kwenye kipembe ambacho hatukifungui kabisa. Mwaka juzi lilikuwa limepinduliwa. Tumbo lake liko juu, limekauka na kuwa jeupe kama chokaa, na chini yake hapakuwa na kitu ila mchanga mweusi unaonuka. Jumapili nililiinua upande mmoja, kiasi cha kupenyeza macho tu. Nikaona kululu mdogo aliyejitandia joho lake la madoa. Nikaona nyota bahari wale wa mikono myembamba wakikimbia mwanga, kaa wawili wadogo kuliko ukucha wangu, na vile viumbe laini vya rangi ya chungwa na zambarau vinavyoganda chini ya mawe, ambavyo mtu hudhani ni rangi iliyomwagika. Nikalilaza jiwe taratibu kama lilivyokuwa. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuliandika hilo.

Bibi yangu mzaa mama alikwenda pwani mpaka miguu ilipomkatalia. Kwetu kusini mwa Pemba, mwanamke akisema anakwenda pwani hamaanishi matembezi. Anakwenda kazini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali kabisa, na ikifika saa nne asubuhi mwamba uko wazi, umekaa kama shamba lililolimwa. Sisi wajukuu tulishuka nyuma yake kwa mstari. Yeye mbele na kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, mkoba wa ukili begani, mkononi mkonjo, ile fimbo ya ncha ya kuchomea pweza. Mashimo yake aliyajua moja moja. Shimo la pweza ni kama mkarafuu wa mtu: lina mwenyewe, na mwenyewe hamwonyeshi jirani. Ukimtoa pweza leo, baada ya bamvua moja au mbili utamkuta mwengine amehamia, kwa sababu nyumba nzuri haikai tupu. Na nyumba kwa pweza ndiyo kila kitu. Hana gamba, hana mwiba, mwili mzima ni nyama. Mkunga akimkuta nje, amekwisha.

Bibi alitufundisha kusoma mlango. Ukikuta magamba ya kaa na vipande vya chaza vimerundikwa nje, vipya, bado vinang'aa, basi mwenye nyumba yumo na anakula vizuri, mchokoe. Ukikuta magamba yameota ukijani, amehama. Lakini ukikuta mlango umezibwa kwa vijiwe, vimepangwa kutoka ndani, na nje hakuna mabaki mapya hata moja, hapo bibi alikuwa akiinua mkono, na sote tunasimama.

"Huyo yumo eda," alisema. "Mwacheni."

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Eda niliyoijua mimi ni ile ya jirani yetu aliyefiwa na mumewe, aliyekaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi. Nikamuuliza bibi pweza kafiwa na nani. Akanijibu, "Kafiwa na mumewe. Na yeye mwenyewe akimaliza eda, hatoki tena."

Nilidhani ni hadithi ya kuwatuliza watoto wasichokoe ovyo. Miaka ikapita, nikachaguliwa na shehia kuweka kumbukumbu za uvuvi, nikapelekwa mafunzoni, na mkufunzi akatuchorea ubaoni maisha ya pweza. Nilikaa kimya kipindi kizima, namsikia bibi. Dume hufa muda si mrefu baada ya kupandana. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake. Huyatundika mayai kwenye dari la shimo, mashada kwa mashada, kila yai dogo kuliko punje ya mchele, laki kwa laki, kisha huziba mlango na kukaa nayo kiasi cha mwezi mzima. Huyapulizia maji safi, huyapangusa kwa mikono yake, na muda wote huo hali. Mayai yanapoanguliwa, nguvu zake zimekwisha, naye hufa humohumo. Vitoto hupanda juu na kuchukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka na kutafuta mwamba, pengine huu wetu, pengine wa kijiji kingine kabisa.

Bibi hakuwahi kukaa darasani. Alijua kwa kutazama milango.

Uhai wote wa pweza wetu huyu, anayevuliwa pwani nzima ya Afrika Mashariki, ni mwaka mmoja, ukizidi sana mwaka na nusu. Anakua kwa kasi ambayo sijaiona kwa mnyama mwengine yeyote. Ndiyo maana miezi mitatu kwake si muda mdogo. Pweza ambaye leo ni wa kukatia supu ya mtu mmoja, ukimwacha kwa miezi mitatu anaweza kulisha nyumba. Na jike aliyeachwa miezi mitatu anaweza kuwa ameshakaa eda na kumaliza. Watu wengi wanaposikia habari ya kufunga mwamba hushika lile la kwanza, la uzito. Hili la pili ndilo linalonitoa usingizini.

Zamani pweza alikuwa kitoweo, na pesa ndogo ya mwanamke: chumvi, mafuta ya taa, daftari la mtoto wa skuli. Kisha wakaja wanunuzi wenye barafu. Pweza akaanza kusafiri, akigandishwa, mpaka Ureno, Italia na Hispania, na bei ikapanda. Bei ilipopanda wanaume nao wakaingia, kwa miwani na vyombo, wakizamia kwenye kina ambako sisi hatufiki. Siwalaumu. Karafuu haizai vizuri kila mwaka, samaki wamekuwa wa kutafutwa mbali, na si kila kijana anataka kwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi na miezi. Ami yangu mmoja ni mzamiaji na amesomesha watoto wanne kwa pweza.

Lililotuumiza ni mtaimbo. Mkonjo huingia shimoni. Mtaimbo hulifungua shimo. Jiwe likizuia, linapinduliwa. Tumbawe likizuia, linapasuliwa. Kwa dakika mbili mtu anampata pweza wa gramu 300 na kubomoa nyumba ambayo ingepokea pweza mmoja baada ya mwengine kwa miaka. Wapo waliomwaga utupa, sumu ya mmea, kwenye vidimbwi pia, na utupa hauchagui; unaua mpaka kamba wadogo wasioonekana. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, lakini karatasi haishuki mwambani wakati wa bamvua. Na mwamba wenyewe ulikuwa umeshachoka kwa mambo mengine. Wazee wanakumbuka joto la bahari la mwaka 1998, matumbawe yalipogeuka meupe, na mimi mwenyewe niliyaona yakiwa meupe tena mwaka 2016.

Nieleze kidogo kuhusu mawe, kwa sababu watu wa mjini wananiuliza jiwe lina nini. Jiwe la mwambani lina pande mbili kama nyumba ya ghorofa. Juu kuna jua, na wanaopenda jua: mwani, magamba ya waridi yanayoganda kama saruji, konokono wanaolamba ukijani. Chini kuna giza na ubaridi, na wanaopenda hivyo: kululu, kaa, nyota bahari, jongoo bahari wadogo, minyoo inayojijengea vijumba vyeupe kama mirija, na wale laini wa rangi rangi wanaochuja maji mchana kutwa. Hakuna hata mmoja mwenye uti wa mgongo, na hakuna hata mmoja anayepigiwa mnada dikoni ukimtoa jongoo bahari akishakua. Lakini kaa ndio chakula cha pweza, na konokono ndio chakula cha pweza. Ukilipindua jiwe na kuliacha hivyo, wa chini wanakauka juani, wa juu wanakosa pumzi gizani. Nyumba mbili zinabomoka kwa mkupuo mmoja. Bibi hakutueleza yote haya. Alisema tu, "Jiwe lirejee lilivyolala," na ukisahau anakurudisha hata kama umeshafika ufukweni.

Wazo la kufunga mwamba kwa miezi michache lilitufikia kutoka mbali. Kusini-magharibi ya Madagaska kuna kijiji kinaitwa Andavadoaka, cha wavuvi wa Kivezo. Mwezi wa Novemba 2004, wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures, walifunga sehemu moja tu ya mwamba wao, Nosy Fasy, wakaifungua Juni 2005. Vijiji jirani vilipoona pweza wa siku ile, navyo vikafunga. Mwaka 2012 kisiwa kizima cha Rodrigues, kule Mauritius, kilisimamisha uvuvi wa pweza kwa miezi miwili. Kwetu Pemba, jina linalotajwa sana ni Kisiwa Panza, ambako wenyeji walifunga mwamba wao wakishirikiana na mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao. Kutoka kijijini kwetu tulikwenda kuuliza watu sita, wanawake wanne na wanaume wawili. Tulirudi na maneno mengi na pweza mkavu mmoja wa zawadi.

Vikao kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwetu, vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilivunjika. Mjane mmoja alisimama akauliza, "Miezi mitatu mimi nitakula nini?" na hakuna aliyekuwa na jibu la kumtazama usoni. Cha pili tulikuja na ramani iliyochorwa na wanawake wenyewe, kwa mkaa, nyuma ya kalenda, ikionyesha sehemu ya kufunga na sehemu kubwa zaidi inayobaki wazi. Hapo ndipo mama mkubwa, dada yake mama, akasema neno lililobadilisha mambo.

"Mnataka kufunga sehemu tunayofika kwa miguu. Wenye vyombo wataendelea kuzamia kwenye kina. Sasa anayefunga swaumu hapo ni nani, na anayefuturu ni nani?"

Wanaume waliinama. Katika kikao cha tatu mpaka ulisogezwa, ukashuka mpaka kwenye kina, ukachukua na mapango mawili ya wazamiaji. Bila hivyo tusingefunga kitu. Nimesoma maelezo ya vijiji vingi vilivyojaribu na kushindwa, na kila mara najiuliza kama mpaka wao ulichorwa na wanaokwenda kwa miguu.

Tukaweka maboya manne ya madumu ya njano. Mtaimbo marufuku, utupa marufuku, kupindua jiwe na kuliacha marufuku, hata nje ya eneo lililofungwa. Pweza wa chini ya nusu kilo asichukuliwe. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu pweza aliyekwishachomwa mkonjo haponi. Kumrudisha majini ni kumtupa. Inabidi umpime kwa macho akiwa bado ndani, kwa ukubwa wa mlango na magamba aliyoyatupa. Wanawake wazee wanaweza. Vijana tunawafundisha.

Wiki ya tano, usiku, tukaona taa mwambani.

Tulikuwa zamu watatu. Tulipofika na ngarawa, mwenye taa hakukimbia. Alikuwa ami, yuleyule niliyemtaja. Ana deni la mashine ya chombo, na mwenye deni alikuwa amemfuata nyumbani asubuhi ile mbele ya watoto. Alikuwa na pweza wawili na mtaimbo. Njia yote ya kurudi hatukusemezana. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa pamoja, na sijui kama mtu mwengine ameshawahi kumpeleka ami yake mbele ya kamati. Mimi nimempeleka, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Faini ya pesa hakuwa nayo. Kamati ikazunguka, wengine wakitaka achukuliwe chombo. Mama mkubwa akasema, "Chombo mkikichukua, watoto watakula nini? Mpeni mawe. Bamvua mbili, arejeshe mawe aliyoyapindua. Yeye anayajua." Ikakubaliwa.

Basi kazi ya kurejesha mawe kwetu ilianza kama adhabu ya mtu mmoja. Siku ya kwanza alishuka peke yake. Siku ya pili wanawe wawili wakamfuata kumsaidia, maana mawe mengine hayainuliki na mtu mmoja. Siku ya tatu nikaenda mimi. Bamvua ya pili tulikuwa watu kumi na saba, na walimu wawili wa skuli walikuja na watoto wa darasa la sita.

Tulikosea mwanzoni, na kosa lenyewe nataka mlijue ili msilirudie kwenu. Tulidhani kila jiwe lililopinduliwa lirudi. Siku mbili tukapindua mawe kwa bidii, mpaka ami akatuita kuangalia moja aliloliinua: chini yake palikuwa pamejaa. Lilikuwa limepinduliwa miaka mingi iliyopita, na viumbe wapya walikuwa wamehamia upande mpya. Sisi tulikuwa tunabomoa nyumba mara ya pili. Tangu siku hiyo tunalisoma jiwe kwanza. Lililopinduliwa karibuni lina tumbo jeupe au la kijivu, lina vile vijumba vya minyoo vilivyokauka, na ukitafuta kando yake utaona kitanda chake, shimo lenye umbo lake hasa mchangani au kwenye mwamba. Hilo linarudi, na linarudi kwenye kitanda kilekile, si popote. Lenye ukijani mzito juu na uhai chini liacheni, hata kama mnajua lilipinduliwa na binadamu. Kipande cha tumbawe kilichovunjika kikiwa bado kina rangi tunakipachika kwenye ufa, kikaze, kisiyumbishwe na mawimbi ya kusi. Kilichokufa tunakiacha, nacho kina wapangaji wake.

Kila bamvua tunainua mawe kumi, yaleyale, kwenye kipembe kisichofunguliwa, tunahesabu tuliowaona na kuyarejesha. Watoto wa skuli ndio waandishi. Hatuna majina ya Kiswahili ya wote, kwa hiyo wamewapa wao: mpaka sasa wana kilemba, wana uji wa zabibu, wana shanga za bibi. Nimeyaandika majina hayo kwenye daftari kama walivyosema, na sitayabadilisha.

Ufunguzi wetu wa kwanza, mwaka jana, ulikuwa mbaya. Habari zilikuwa zimetangulia. Alfajiri vilikuja vyombo kutoka vijiji ambavyo hata sikuvitambua, na maji yalipoanza kutoka mwamba ulikuwa tayari una watu. Ndani ya saa moja nilisikia sauti ya chuma kwenye jiwe, na sauti hiyo naijua. Pweza walikuwa wakubwa kweli. Mmoja alifika kilo nne na nusu. Lakini mnunuzi dikoni alikuwa mmoja, na alipoona wingi ule akashusha bei, akijua hatuna barafu. Wanawake waliofunga miezi mitatu walirudi na pesa ya siku ya kawaida. Mjane yule wa kikao cha kwanza hakunisemesha wiki mbili. Sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo mara hii tulibadilisha. Siku ya kwanza wanawake wa miguu tu, kwa mkonjo tu. Wazamiaji siku ya pili na ya tatu. Wageni wanakaribishwa kuanzia siku ya nne, kwa kanuni zetu. Wanunuzi watatu waliitwa mapema na bei ikasemwa mbele ya sheha kabla mtu hajalowesha mguu. Na kipembe cha mawe, upande wa mkondo, hakifunguliwi tena, si kwa mwenyeji wala mgeni. Ami sasa ndiye mlinzi wake wa zamu za usiku.

Haya, kilo. Mkubwa wa Jumapili alikuwa kilo tatu na robo, wa mama mkubwa, aliyetoka nao sita. Mjane yule alipata watano na alicheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Bei haikushuka. Mtaimbo haukusikika hata mara moja.

Lakini kuna mmoja hakupata. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, alizunguka asubuhi nzima akaambulia kululu. Ndio kwanza amejifunza mwaka huu, mashimo hana, na walio nayo hawayasemi. Ilipokaribia saa tano na nusu, maji yameshaanza kugeuka, alisimama mahali kimya kwa muda mrefu. Nikamwendea. Mbele yake palikuwa na mlango, ndani kabisa ya sehemu iliyofunguliwa, halali yake. Ulikuwa umezibwa kwa vijiwe, vimepangwa kutoka ndani. Nje hakukuwa na gamba hata moja. Mkonjo ulikuwa mkononi mwake, ncha imeshagusa kijiwe cha kwanza, na kijiwe kilikuwa kimeanguka.

"Wifi," aliniuliza, "huyu yumo?"

"Yumo eda," nikamwambia.

Sikuongeza kitu. Najua nyumbani kwake hakukuwa na kitoweo, na najua nani anamngoja. Alisimama. Maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu. Kisha akainama, akakiokota kile kijiwe kilichoanguka, akakirudisha mahali pake mlangoni, akakisukuma kidogo kwa kidole gumba kikae. Mkono mmoja ulitokeza ndani, mwembamba, ukakigusa, ukakivuta. Tulitazamana.

Dikoni nilimwandikia sifuri, kwa sababu daftari ni daftari. Jioni alikwenda nyumbani na pweza wawili, mmoja kutoka kwa mama mkubwa, mwengine kutoka kwa mjane.

Usiku nilimsimulia bibi. Haoni vizuri siku hizi, ila masikio yake ni mazima. Aliniuliza mlango ule uko wapi hasa, nikamweleza: ukitoka kwenye fungu, ukaliacha jiwe la ngamia kushoto, hatua kama arubaini. Akanyamaza, kisha akasema, "Hilo lilikuwa langu."

Tunafunga tena bamvua ijayo, mwezi ukiandama, na siku mbili kabla yake tutarejesha mawe ya upande wa kusini ambao bado hatujaufikia. Aliye Pemba na anayetaka kuja, aje. Avae viatu vigumu vya kufunika vidole, aje na maji ya kunywa na kitu cha kujifunika kichwa, maana jua la mwambani halina kivuli. Tunashuka saa tatu. Mkonjo hauhitajiki siku hizo, na mtaimbo hauhitajiki siku yoyote.